Mzee Nzau wa Chumba cha Kutembea

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi na moja jioni, Mzee Nzau Musyimi atavua koti lake jeupe akiwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi tisa ya kazi katika Hospitali ya Misheni ya Wendo, hapa Emali. Wahariri wa jarida letu wameniomba mimi, Sista Katunge Mulinge, niandike wasifu wake kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na mmoja. Nadhani pia walijua kwamba mimi ndiye pekee hapa ninayemtania bila kuogopa. Wamesema niandike kwa furaha. Furaha ninayo, na sababu yake ni kwamba Mzee Nzau anastaafu akiwa hai. Mwezi wa Machi mwaka jana hakuna aliyekuwa na hakika ya jambo hilo, na mwenyewe alikuwa wa mwisho kukubali kupimwa. Ameniruhusu nieleze yote, kwa sharti moja tu, kwamba nianze na mambo mazuri.

Basi tuanze nayo. Alizaliwa katika milima ya Kilungu, akaja hapa Februari 1991 akiwa na miaka ishirini na mitano, akapewa kazi ya kusukuma machela. Wodi zilikuwa mbili. Wazee wa kazi wanasema alikuwa akisukuma mgonjwa polepole mpaka madaktari wakimaliza chai kabla hajafika, lakini hakuna mgonjwa hata mmoja aliyelalamika kwamba ametikiswa. Mashine ya kwanza ya kuchora mapigo ya moyo ilipoletwa, kila mtu aliikwepa akiogopa kuiharibu. Kijana wa machela alichukua kitabu chake cha maelezo, akakisoma wiki tatu, akajibandika nyaya mwenyewe akajichora. Mchoro ulitoka vizuri isipokuwa alikuwa ameubandika mguu wa kulia nyaya za kushoto. Hospitali ikaona afadhali wampeleke Nairobi akasome. Alirudi na cheti cha vipimo vya moyo na miwani ambayo hadi leo sijui kama anaihitaji au ni ya heshima tu.

Miaka kumi na miwili iliyopita tukaletewa ile mashine ya mkanda. Ukisimama juu yake mkanda unatembea chini ya miguu yako, nawe lazima utembee la sivyo ukutupe nyuma. Kazi yake ni rahisi kueleza. Moyo uliotulia unaweza kuonekana mzima kabisa hata kama mshipa unaoulisha damu umeanza kuziba. Tatizo hujitokeza moyo unapofanyishwa kazi, mtu akipanda mlima au akibeba mtungi wa maji. Kwa hiyo mgonjwa anabandikwa nyaya kifuani, anafungwa kitambaa cha presha mkononi, halafu anatembea, na kila dakika tatu mashine inaongeza mwendo na kuinuka kidogo. Mashine inachora, daktari anaangalia. Kutembea kwenyewe mara nyingi hakuzidi robo saa.

Shida ilikuwa jina. Fomu za daktari ziliandikwa "stress test", na karatasi mlangoni ikaandikwa vivyo hivyo. Sasa huku kwetu kila mtu anajua stress ni nini. Ni mawazo. Ni mambo ya nyumbani. Wavinya, mwenye duka la nguo kule Malili, ambaye amekubali nimtaje mradi nitaje na duka lake, aliitwa ndani, akaketi, akakunja mikono, akasema, "Daktari, stress niko nazo nyingi. Nianze na gani?"

Mzee Nzau si mtu wa kumkatiza mama akizungumza. Akamwambia aanze na yoyote. Alianza na bwana yake, akaenda kwa shemeji, akamalizia na kiti cha kamati ya akina mama kanisani ambacho alinyang'anywa mbele ya watu. Dakika hamsini. Kisha akafuta macho, akasema anajisikia mwepesi kabisa, akashukuru, akaenda zake Malili. Jioni Mzee Nzau alipokuwa akipanga faili ndipo akaona ya Wavinya haina mchoro wowote ndani. Akapiga simu. "Mama, umesahau kutembea." Wavinya akauliza, "Nitembee niende wapi?" Alirudi Alhamisi iliyofuata, akatembea dakika saba, moyo wake ukaonekana uko sawa. Zile stress nyingine bado anazo, na bado humpigia Mzee Nzau kumweleza.

Huyo alichekesha, lakini wengine walitutia wasiwasi. Kuna waliofika mpaka mlangoni, wakasoma karatasi, wakarudi nyumbani na maumivu yao ya kifua kwa sababu hawakutaka ionekane kwamba vichwa vyao vimeguswa. Katika watu kumi waliopangiwa siku, wanne ndio waliokuwa wakija. Mzee Nzau akaing'oa ile karatasi, akanunua rangi, akaandika kwenye ubao kwa mkono wake: HAPA TUNATEMBEA. Ofisi ilimwandikia barua tatu kwamba jina hilo si la kitaalamu. Alizijibu zote kwa adabu, na ubao ukabaki palepale. Mwaka haukuisha kabla ya watu tisa kati ya kumi kuanza kuja. Ikiwa mnatafuta mafanikio yake makubwa ya kuandika kwenye ngao ya kumuaga, andikeni hilo.

Maagizo yake nayo yalitembea kuliko wagonjwa. Nimeyasikia yakisemwa na mama muuza ndizi katika stendi ya Kitui ambaye hajawahi kupimwa. Usinywe chai, kahawa wala soda ya rangi tangu jana yake. Chakula kizito ukiache saa tatu kabla, na sigara usiiguse. Njoo na viatu vya kufunga vizuri, sio malapa. Dawa zako zote ulete zikiwa ndani ya pakiti zake, na usiache kumeza hata moja mpaka daktari mwenyewe akuambie. Mwenye kisukari aulize mapema kuhusu dawa ya asubuhi, mwenye pumu aje na pampu yake. Na kama kifua kinakuuma sasa hivi ukiwa umekaa tu, usingoje siku uliyopangiwa, nenda hospitali ya karibu hiyo hiyo dakika.

Ukishapanda mkanda, anakwambia useme kila unachosikia: kifua, kizunguzungu, pumzi, hata miguu. Vijana walitaka kushindana na mashine, naye akawaambia kwamba hapa hakuna zawadi ya kumaliza. Mwenye magoti mabaya hakulazimishwa, aliandikiwa barua aende akafanyiwe kipimo kingine kisichotumia miguu. Na kila anayetoka alipewa maneno mawili. Mchoro ukiwa safi, usiende ukafikiri umepewa ruhusa ya nyama choma kila siku. Mchoro ukiwa na dosari, usilie, kwa sababu sasa tumejua pa kuanzia.

Mimi nililetwa chumbani humo kwa sababu ya akina mama Waislamu kutoka kaskazini ya Kitui. Mzee Nzau aliona wanafika na kurudi, akaelewa bila kuambiwa kwamba hawawezi kubandikwa nyaya kifuani na mwanamume. Akaomba apewe muuguzi mwanamke, akashona pazia, akatenga Jumanne iwe siku yao. Ijabo wa Tseikuru alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Alipanda mkanda akiwa na raba za mwanawe, akatembea vizuri kutushinda wote, akaenda nyumbani akasimulia mji mzima. Kwa mumewe hakufanikiwa, lakini huyo nitamfikia.

Kazi niliyofundishwa na Mzee Nzau ni nyingi, ila kubwa ni uso. Mgonjwa anayetembea haoni mchoro, na hata akiuona hawezi kuusoma. Anachosoma ni uso wa muuguzi. Ukikunja uso kidogo tu, moyo wake unaruka na kipimo kinaharibika. Kwa hiyo nilijifunza kuzungumza mfululizo na kutania, mvua, watoto, kwaya, chochote, huku macho yangu yakiwa kwenye mstari. Wagonjwa wanapenda. Wanatoka wakisema sista wa pale ni mchangamfu. Mimi hata si mchangamfu, waulizeni nyumbani kwangu.

Sasa tufike Machi mwaka jana.

Mzee Nzau anaimba besi katika kwaya ya kanisa letu, na mwezi wa Februari alianza kuketi kila wimbo ukifika ubeti wa pili. Kile kimlima kutoka barabarani hadi getini, ambacho alikuwa akikipanda kila asubuhi miaka yote, akaanza kukipanda kwa bodaboda. Nilipomuuliza akasugua kifua, akasema, "Ni ulcers tu." Mtu aliyewaambia watu elfu kadhaa kwamba si kila kinachochoma kifuani ni ulcers! Alikuwa na dawa ya vidonda vya tumbo kwenye mfuko wa koti, anatafuna kama njugu. Mimi niliona, na nilinyamaza wiki sita nzima kwa sababu alikuwa mwalimu wangu na nilidhani anajua anachofanya. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Aliyesema ni Hirsi Abdiwahid, mume wa Ijabo, mfanyabiashara wa mifugo. Ijabo alikuwa amemsumbua miaka mingi ili apimwe, maana ana kisukari na alikuwa akisikia kifua kikibana. Jibu lake lilikuwa moja: "Mimi sina stress. Stress iko na ng'ombe, nyasi hakuna." Siku moja ya Machi hiyo alikuwa ameleta mbuzi soko la Emali, na Ijabo akamleta kwetu karibu kwa kumvuta mkono. Akasimama mlangoni akiutazama mkanda, hataki kuingia wala kutoka.

Kwa watu wa namna hiyo Mzee Nzau ana desturi yake. Hupanda mkanda yeye mwenyewe dakika mbili ili mgonjwa aone kwamba ni kutembea tu. Akapanda. Dakika ya kwanza alikuwa akieleza kila kitu kwa sauti yake ya besi. Dakika ya pili maneno yakapungua, akashika chuma cha mbele, na jasho likamtoka kwenye paji la uso ingawa feni ilikuwa inazunguka. Akashuka akitabasamu. "Umeona? Rahisi."

Hirsi alimtazama kutoka miguuni hadi kwenye paji la uso. Aliniita kando. "Sista, mimi nikinunua mnyama, kwanza naambia mwenye atembeze nione. Huyu mzee wako, angekuwa sokoni, mimi singenunua."

Kisha akageuka, akaweka masharti yake kama mtu aliyezoea soko. Atapanda, lakini Mzee Nzau apande kwanza, na nyaya zote, na daktari akiwepo. Mzee akikataa, yeye anarudi Tseikuru na mazungumzo yamekwisha. Mzee Nzau akajaribu kucheka. Akataja ulcers, akataja joto, akataja maharagwe aliyokula mchana. Hirsi akavuta kiti akaketi. Nilimwona Mzee akimtazama yule mgonjwa wake na kupiga hesabu. Akiendelea kukataa, Hirsi angeondoka bila kupimwa, na alijua vizuri mtu mwenye kisukari na kifua kinachobana anaweza kuishia wapi. Akasema, "Sawa. Kesho." Alitumaini, aliniambia baadaye, kwamba kufikia kesho Hirsi atakuwa ameshaondoka na mbuzi zake.

Daktari Mutunga, anayesimamia vipimo vyetu, hakungoja kesho kuanza. Jioni hiyo hiyo alimpima Mzee damu, akamchora akiwa amelala, akaona si jambo la dharura na kwamba kipimo kinaweza kufanywa kwa usalama. Asubuhi saa tatu tulipofungua mlango, Hirsi alikuwa kwenye benchi. Alikuwa amelala kwa binamu yake mwenye duka karibu na stesheni, na alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Nilimbandika mwalimu wangu nyaya kumi. Mikono yangu ilikuwa baridi na aliniambia hivyo. Daktari akakaa karibu na kitufe cha kuzima mashine, toroli ya dharura ikawekwa kando, tukaanza. Dakika tatu za kwanza nilimtania vizuri sana. Nilimwambia anatembea kama mtu aliyetumwa chumvi na hataki kwenda. Alicheka. Mkanda ukainuka, mwendo ukaongezeka, na dakika ya nne nikaona mstari ambao unapaswa kwenda sawa umeanza kuinama chini. Uliinama zaidi. Uso wangu niliuweka vile alivyonifundisha, sikukunja hata kidogo. Nilidhani nimefaulu.

Dakika ya sita akasema, pumzi ikiwa fupi, "Katunge, dakika mbili hujanitania. Mwambie daktari azime."

Daktari alikuwa ameshabonyeza. Tulimlaza, akapuliziwa dawa chini ya ulimi, na baada ya muda kifua kikamwachia. Hapo ndipo alipotuambia. Baba yake alianguka akafa shambani kwao Kilungu akitengeneza matuta, akiwa na miaka hamsini na saba, na kabla ya hapo alikuwa akisugua kifua akisema ni tumbo. Mzee Nzau alipofikisha miaka hamsini na minane alisema moyoni kwamba ameshaupita ule mwaka, basi asiangalie tena. Mtu aliyekuwa akisoma mioyo ya watu kila siku aliogopa kusoma wa kwake. Nililia, na yeye aliyenifundisha kuuchunga uso hakunikataza.

Hirsi alikuwa amesimama nyuma ya pazia na amesikia yote. Kwa haki, hakuna ambaye angemlaumu kwa kuvunja ahadi yake, maana alikuwa ameona mwenyewe kwamba mashine ile inaweza kumkuta mtu na ugonjwa. Akavua koti, akaanza kufungua vifungo vya shati. "Huyu alikuwa anaogopa na akapanda," akasema. "Mimi nitaambia Ijabo nini?" Alitembea dakika tisa, mstari wake ukabaki sawa mpaka mwisho. Daktari alimbadilishia dawa ya kisukari na ya presha, na yuko vizuri hadi leo.

Mzee Nzau alipelekwa Nairobi wiki hiyo hiyo. Mshipa mmoja mkubwa ulikuwa umebaki nafasi ndogo sana ya kupitisha damu. Walipitisha waya mwembamba kutoka mkononi, wakaupanua, wakaacha humo kimrija kidogo cha wavu kiushikilie usizibe tena. Daktari wa huko alimwambia kwamba kama angengoja mpaka Krismasi, huenda asingeiona. Alirudi kazini baada ya wiki sita, amepungua kilo na ameacha kutembea na dawa ya tumbo. Jambo la kwanza alilofanya ni kuchukua mchoro wake mbaya, akaubandika ukutani na jina lake juu. Tangu siku hiyo, mgonjwa akisema ni ulcers tu, anamwonyesha ukuta.

Oktoba mwaka jana Daktari Mutunga alitaka aone moyo ukifanya kazi tena. Nyaya kumi, kitambaa cha presha, mkanda. Nilianza kumtania kabla hata mashine haijawashwa. Nilitania magoti yake, suruali iliyomlegea, na besi ya kwaya iliyokuwa imeachiwa mtu mwenye sauti ya paka. Dakika ya tano nilitania miwani. Dakika ya saba nilikuwa nimemaliza mambo yake yote, nikaanza ya familia yake. Mstari ulikuwa sawa, sawa kabisa. Yeye alikuwa anatazama mbele tu, lakini ananisikia, na dakika ya nane nikaona machozi yanamtoka huku anacheka, mpaka daktari akamwomba atulie asiharibu mchoro. Alitembea dakika kumi. Mchoro huo nao uko ukutani, karibu na ule mwingine.

Chumba amemwachia Ndunge, ambaye amemfundisha miaka miwili. Ndunge ana mkono mzuri, na uso wake ni mgumu kuliko wangu. Ubao hautaondolewa, ofisi imesema hivyo kwa barua, ya nne, na hii Mzee Nzau ameitia kwenye fremu. Hirsi na Ijabo watakuwa nasi Ijumaa, na Wavinya amesema atafunga duka lake la nguo la Malili ili aje.

Mzee Nzau, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako na wote waliotembea mbele yako, tunasema asante. Asante kwa kutufundisha kazi, na asante zaidi kwa siku ile ulipopanda huku ukiogopa. Unarudi Kilungu kwa mkeo, Mama Kanyiva, ukashughulikie yale matuta ambayo baba yako hakuyamaliza. Nenda polepole, pumzika ukichoka, na pumzi ikikupungua useme hapo hapo. Miaka ambayo baba yako hakuipata, tunakuombea uipate yote.